Yoti mpya ya kuagiza: huduma tulizolipia kulinda hela, ipi ilistahili na ipi ni pambo

Nianze na maksi kabisa maana najua wengine mtashuka chini moja kwa moja kuzitafuta. Dhamana ya benki ya kurudishiwa hela, nyota 5. Wakili wa mambo ya bahari, 5. Mkaguzi wa kujitegemea, 4. Akaunti ya mtu wa kati ya kushika arbuni, 4 ila kwa kazi ndogo tu. Umiliki wa boti hatua kwa hatua, 3. Barua ya dhamana ya kampuni mama, 1, na hiyo moja ni kwa ajili ya karatasi nzuri waliyotumia. Dalali nitamfikia mwishoni, ana maneno yake.

Mimi kazi yangu ni kusimamia vyombo vya baharini kwa niaba ya wenye navyo, yaani mwenye hela anasema nataka yoti, mimi ndo nahangaika na makaratasi na kiwanda na mawakili mpaka siku ya kukabidhiwa funguo. Hii ya karibuni ilikuwa yoti ya injini mbili, urefu chini kidogo ya mita 24, ya kuagiza, haipo popote, unaisaini ndo inaanza kujengwa. Boti yenyewe sitaiongelea, nzuri, inatembea, mwenyewe anafurahi, basi. Naongelea zile huduma za pembeni tulizolipia ili hela isipotelee njiani, maana watu wanachambua makochi na marumaru na jiko wiki nzima halafu wanatuma arbuni kwa invoisi ya ukurasa mmoja. Mimi sijawahi kuelewa.

Ukiagiza yoti mpya, kwa mwaka mmoja au miwili unakuwa mkopeshaji wa kiwanda, tena mkopeshaji asiye na riba wala rehani. Ratiba za kawaida zinaanza na arbuni ya asilimia 10 mpaka 20 ukisaini, halafu awamu bodi la faiba likitoka kwenye kalibu, awamu deki ikiunganishwa na bodi, awamu injini zikiingia, awamu boti ikishushwa majini, na kilichobaki siku ya makabidhiano. Ukijumlisha unakuta boti haijagusa maji wewe umeshatoa asilimia 70 au 80, na kwenye mikataba mingi ambayo kiwanda kimejiandikia chenyewe, boti bado ni mali yao mpaka senti ya mwisho iingie. Hela umetoa, boti huna. Kwa hiyo kila huduma niliipima kwa swali moja tu: kiwanda kikifungwa kesho asubuhi, hela iko kwa nani na boti ni ya nani? Kama huduma haibadilishi jibu la hapo, kwangu ni mapambo.

Na mtu asiniambie brandi ni kubwa. Genmar ya Marekani, iliyokuwa mama wa brandi kibao za boti ikiwemo Carver, iliomba ulinzi wa ufilisi 2009. Sealine ya Uingereza ikaanguka 2013. Fairline, nayo ya Uingereza, wanajenga tangu miaka ya 1960, ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Desemba 2015. Bavaria ya Ujerumani 2018, Oyster ya Uingereza mwaka huohuo. Perini Navi ya Italia, mabingwa wa yoti kubwa za matanga, mahakama ikatangaza imefilisika Januari 2021, na miezi michache mbele Nobiskrug ya Ujerumani, kiwanda cha tangu 1905, walioijenga ile Sailing Yacht A inayoshangaza watu kila bandari, nao wakaomba ufilisi, wakauzwa, wakafufuka, halafu Desemba 2024 kampuni iliyokuwa imewashika ikaanguka tena. Hao ni watu waliokuwa na vibanda vikubwa kwenye maonyesho na shampeni ya bure. Shampeni, sijui kama mmeona, inamwagwa vilevile hata mwaka ambao hesabu zimekaa vibaya.

Kuna watu wanajifariji kwamba brandi ikianguka kuna mtu atainunua na boti yao itaendelea. Kuinunua watainunua kweli, Fairline ilipata mwenyewe mpya Januari 2016, jina la Perini na mali zake zilienda kwa euro milioni 80. Ila mnunuzi kwenye ufilisi kwa kawaida ananunua kalibu, jina, majengo na michoro. Deni la arbuni yako anaweza kuliacha kwenye kampuni ya zamani, ile maiti, na wewe unapanga foleni kwa mfilisi nyuma ya benki yenye rehani, nyuma ya mishahara ya wafanyakazi, pamoja na aliyeuza rangi na aliyeuza skrubu. Marekani sheria ya ufilisi inampa mteja wa kawaida aliyelipa arbuni kipaumbele kidogo, mpaka dola 3,800 tangu Aprili 2025. Dola elfu tatu na mia nane. Kwa yoti hiyo hata kochi la nyuma halinunuliki.

Sasa dhamana ya benki, hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo penye hela.

Inavyofanya kazi: benki ya kiwanda inakuandikia wewe kwamba kiwanda kikitakiwa kukurudishia hela na kisirudishe, benki italipa. Hiyo ndo inabadilisha jibu la swali langu, maana kiwanda kikifa benki ipo. Lakini dhamana zinatofautiana mbingu na ardhi na wauzaji wengi watakuletea ile ya hovyo kwanza. Tuliyoletewa sisi mara ya kwanza ilisema benki italipa "baada ya kuthibitika" kwamba kiwanda kimevunja mkataba. Kuthibitika wapi? Kwenye usuluhishi, ambao unaweza kula miaka. Wakili akairudisha siku hiyohiyo. Unachotaka ni dhamana inayolipa ukidai tu kwa maandishi, bila benki kuuliza nani ana kosa. Kuna kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa kwa ajili ya dhamana za namna hii, zinaitwa URDG 758, zinatumika tangu Julai 2010, ukiona dhamana inazitaja ujue angalau mnaongea lugha moja.

Jambo la pili ambalo karibu limpite kila mtu ni mabadiliko. Mwenye yoti lazima atabadilisha vitu, huyu wetu alibadilisha mbao, akahamisha ukuta wa kabini, akaongeza jenereta, na kila badiliko ni nyongeza ya mkataba inayosainiwa. Kwenye sheria ya Kiingereza, ambayo mikataba mingi ya yoti inaitumia, tangu kesi ya Holme v Brunskill ya 1878 mdhamini wa kawaida anaweza kujitoa kabisa kama wahusika wamebadilisha mkataba mkuu bila ridhaa yake, isipokuwa badiliko liwe dogo na iwe wazi kwamba halimwumizi. Yaani umehamisha ukuta wa kabini na umeua dhamana yako ya mamilioni. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya dhamana inayosema benki inabaki imefungwa hata mkataba ukibadilishwa, na dhamana iwe ile ya kulipa kwa kudaiwa, isiyotegemea mkataba. Sentensi moja. Wakili aliiweka, kiwanda kikanung'unika kidogo, benki wala haikunung'unika.

Tatu, tarehe ya kufa. Benki zinapenda dhamana iwe na siku ya mwisho, sawa, lakini ukikuta siku ya mwisho ni ileile tarehe ya makabidhiano iliyoandikwa kwenye mkataba, hiyo dhamana ni ya kupamba ukuta, kwa sababu yoti huchelewa, na ikichelewa miezi mitano wewe uko uchi kwa miezi mitano, tena ndo miezi ambayo kiwanda kina hali mbaya. Ya kwetu ilisogezwa mpaka mwisho wa muda wote wa ucheleweshaji unaoruhusiwa, ukajumlisha miezi kadhaa juu, na ikawekwa kwamba isipoongezwa muda siku 30 kabla haijaisha, kutoongezwa kwenyewe ni sababu tosha ya kudai hela yote. Nilimpenda sana wakili siku hiyo.

Nne, utaratibu. Dhamana kwanza, hela baadaye, kila awamu. Awamu ya injini imefika, dhamana inaongezwa kiasi, ndo unatuma. Na usipokee dhamana kama PDF kwenye imeili ukaridhika, iombe ije benki kwa benki kwa mfumo wa SWIFT, ujumbe wenyewe unaitwa MT760, benki yako ndo ikuthibitishie kwamba imetoka kweli kule ilikoandikwa. PDF hata mimi naweza kutengeneza.

Kwa nini viwanda vinakataa? Kwa sababu benki ikitoa dhamana inakata kwenye kiwango cha mkopo cha kiwanda au inazuia hela taslimu, sasa kiwanda kilichotegemea arbuni yako kumalizia boti ya mwingine hakiwezi. Na wengi ndo wanaishi hivo, ni kama fundi cherehani anayenunua uzi wa suti ya mteja wa jana kwa hela ya mteja wa leo, na mambo yanaenda tu vizuri mpaka siku mteja wa kesho asitokee. Kwa hiyo mimi naona jibu la kiwanda kwenye ombi la dhamana ni ukaguzi wa afya wa bure. Kiwanda kimoja tulichoanza nacho mazungumzo kilisema "hatujawahi kuombwa kitu kama hicho na wateja wetu wote wanatuamini", tukashukuru tukaondoka. Kingine kilisema sawa, ila gharama ya benki ni yako. Bosi alinuna, mimi nikamwambia lipa. Ni asilimia ndogo ya kiasi kinachodhaminiwa kwa mwaka, na kama boti ni euro milioni 3 na umeshatoa milioni 2, hiyo ada ndo kitu pekee kwenye invoisi nzima kinachokufanya ulale.

Barua ya kampuni mama sasa. Hii wanaipenda sana, "hatuwezi dhamana ya benki lakini kampuni yetu mama itasimama". Kampuni mama na mtoto wake huwa wanalala kitanda kimoja, akiugua mmoja mwingine anapiga chafya. Mahesabu yake nani kakupa? Nyota moja nimeshasema. Ina maana tu pale ambapo anayesaini mkataba ni kampuni ndogo tupu iliyosajiliwa kwa ajili ya boti yako peke yake, hapo angalau uwe na mtu mwenye mali wa kumshtaki. Na hilo lichunguze kabla ya yote: jina la kampuni kwenye mkataba ni la kiwanda chenyewe, la wakala, au la kampuni ambayo haina hata bisibisi? Kuna watu wamelipa wakala, wakala hakupeleka hela kiwandani, kiwanda kinasema sisi hatukujui, na kisheria kweli hawakujui. Ukinunua kupitia wakala omba uthibitisho wa maandishi kutoka kiwandani wa kila awamu waliyoipokea, na namba ya boti inayojengwa.

Umiliki wa hatua kwa hatua nimeupa 3 na najua mawakili wengine watanibishia. Wazo ni zuri: badala ya boti kuwa ya kiwanda mpaka mwisho, inakuwa yako kadri unavyolipa, na nchi kama Malta na Uholanzi zinaruhusu kusajili chombo kingali kinajengwa, kwa hiyo jina lako au rehani yako inaingia kwenye rejista na mfilisi hawezi kujifanya hakuiona. Kwa yoti kubwa zenye mkopo wa benki hii ni ya lazima. Ila fikiria unachomiliki siku kiwanda kikifungwa. Una bodi la faiba bila deki, liko ndani ya banda la watu, kwenye kitanda cha chuma cha watu, waya zinaning'inia, michoro haipo, mafundi wameenda nyumbani, na mwenye banda anasema hulitoi mpaka kodi ilipwe. Kulihamisha ni trela maalumu na kreni. Kiwanda kingine hakitaki kumalizia kazi kisiyoianza, na kikikubali kitataja bei ya kukukomoa. Nusu boti thamani yake ni ndogo sana kuliko nusu ya bei ya boti. Kwa hiyo umiliki uwe nyongeza ya dhamana, usiwe mbadala wake.

Na injini. Injini na jenereta ni sehemu kubwa ya thamani, na aliyeziuza mara nyingi ameandika kwenye karatasi zake kwamba zinabaki zake mpaka alipwe, sasa wewe umelipa awamu ya injini, kiwanda hakijamlipa, kiwanda kinafilisika, jamaa anakuja na gari kuchukua injini zake na sheria za nchi nyingi ziko upande wake ikiwa hazijafungwa kabisa. Tuliomba risiti ya muuzaji wa injini kabla ya kulipa awamu hiyo, pamoja na namba za injini kuandikwa kwenye cheti cha mkaguzi. Kiwanda kilishangaa, halafu kikaleta. Ikiwa risiti haipo, usilipe, au mlipe muuzaji wa injini moja kwa moja.

Akaunti ya mtu wa kati ni ile ambapo arbuni inakaa kwa wakili au taasisi inayoruhusiwa, haiendi kiwandani mpaka masharti yatimie. Kwa kipindi kile cha mwanzo, mmesaini karatasi ya nia lakini mkataba kamili na dhamana havijawa tayari, hii ni safi kabisa, tumeitumia na ilifanya kazi bila kelele. Kwa awamu za kujenga haifai sana, kwa sababu kiwanda kinahitaji hela inunue vitu, haiwezi kukaa tu. Kuna kesi ya Kiingereza ya kampuni ya Kayford, 1975, kampuni ya kuuza vitu kwa posta iliyoona inazama ikaweka hela za wateja kwenye akaunti ya peke yake, mahakama ikasema hizo ni za wateja, si za wadai. Wauzaji wengine wameokota hilo wanakuambia "hela yako iko kwenye akaunti tofauti". Tofauti kwa jina la nani? Nani anasaini kuitoa? Kama mkurugenzi wa kiwanda anaweza kuihamisha kwa simu yake, hiyo ni akaunti ya kiwanda yenye jina zuri.

Wakili nyota 5 na nilishaonyesha kwa nini, ila niongeze mawili. Moja, alikuwa ni wa meli na yoti, si wakili wa familia aliyewahi kuandika wosia wa bosi. Alijua mikataba ya kawaida ya ujenzi wa meli, kama ule wa 2007 wa BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, na akawa anaokota vipengele kutoka huko kuwabana jamaa. Mbili, aliandika sababu za kuvunja mkataba kwa namba: ukichelewa siku kadhaa unalipa fidia ya kila siku, ukizidi siku fulani mnunuzi anaondoka na hela yake yote na riba, mwendo ukipungua kiasi hiki punguzo, ukipungua zaidi boti inakataliwa. Hii inafungamana na dhamana, kwa sababu dhamana inalipa hela ambayo mkataba unasema urudishiwe, mkataba ukiwa hausemi popote kwamba unarudishiwa, una dhamana ya hewa. Watu wanalipia dhamana na kusahau hilo.

Mkaguzi. Kazi yake kubwa si kutafuta mapovu kwenye faiba, ingawa alitafuta. Ni kwamba awamu hazilipwi kwa kalenda, zinalipwa kwa tukio, na tukio linathibitishwa na mtu ambaye kiwanda hakimlipi. Ratiba ya kwanza tuliyopewa ilikuwa na tarehe tupu: Machi lipa, Juni lipa. Tukazifuta. Mara moja kiwanda kilidai awamu ya deki kuunganishwa, picha wakatuma, deki iko juu ya bodi kweli imekaa vizuri, mkaguzi akaenda akakuta imewekwa tu, haijafungwa wala kugundishwa, ilipandishwa kwa kreni kwa ajili ya picha. Siku hiyo alirudisha gharama yake ya mwaka mzima. Nyota moja nimemkata kwa sababu ripoti zake zinachelewa na anaandika kama anaandikia wakaguzi wenzake.

Kwa yoti ya chini ya mita 24 inayoenda soko la Ulaya kuna alama ya CE, ya kuonyesha boti imefuata masharti ya usalama ya Ulaya, na kundi la usanifu, A mpaka D, kwa mujibu wa agizo la 2013/53/EU. A ni ya upepo unaozidi nguvu 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya mita 4 na zaidi, B inaishia hapo. Andika kundi kwenye mkataba. Ukizidi mita 24 za urefu wa kisheria unaingia dunia nyingine ya mashirika ya uainishaji, yaani yanayokagua vyombo na kuvipa vyeti, kama Lloyd's Register, RINA au Bureau Veritas, na hapo awamu zinaweza kufungwa na vyeti vyao, ila mtu wao anaangalia kama chombo kimefuata kanuni zao, hayupo pale kulinda hela yako.

Bima ya ujenzi, fupi: kiwanda lazima kiwe nayo, thamani ipande kadri boti inavyopanda, na jina lako liwemo kama mlipwaji. Moto wa banda haujali mkataba. Omba cheti, angalia tarehe, endelea.

Ulaghai wa imeili unanisumbua zaidi ya ufilisi kwa sababu ni wa dakika tano. Jamaa wanaingia kwenye imeili ya dalali au ya mhasibu wa kiwanda, wanakaa kimya wanasoma, invoisi ya awamu ikikaribia wanatuma invoisi yenye nembo ileile na akaunti mpya, "tumebadili benki". Dhamana haikulindi hapo maana hela haijafika kiwandani. Sisi akaunti iliandikwa ndani ya mkataba, haibadiliki bila nyongeza iliyosainiwa na pande zote, na kabla ya kila malipo napiga simu kwa namba niliyoichukua siku ya kwanza ana kwa ana, siipigi ile iliyoandikwa chini ya imeili. Gharama yake sifuri.

Boti ya zamani kuitoa kama sehemu ya malipo: hapa wanaliwa wengi. Unaikabidhi siku ya kusaini, wakala anaiuza mwezi ujao, hela anaila, mpya haijaanza hata kumwagwa. Thamani ya boti ya zamani ihesabiwe kama hela kwenye dhamana, au ukabidhi ya zamani siku unapokea mpya. Bosi alikuwa na haraka ya kuachana na ya zamani, ilibidi tuongee.

Kwenye majaribio baharini kulinda hela ni kubakiza hela. Ratiba ya kiwanda iliacha asilimia 5 ya mwisho, tukasukuma mpaka 15, na ndo iliyotuma mafundi wao mbio tulipotoka na matenki yamejaa na injini moja ikagoma kufika mizunguko yake ya juu. Boti iliyopimwa na matenki matupu inakimbia, kila mtu anajua. Wakarudi kwenye propela, wakarekebisha, tukatoka tena. Kwa asilimia 5 wangesema tutaangalia kwenye waranti. Na siku ya makabidhiano hela ya mwisho haiendi mpaka karatasi ziko mezani: cheti cha mjenzi, hati ya mauzo, tamko kwamba hamna deni wala rehani juu ya boti, na makaratasi ya VAT. Hilo la VAT msilichezee, Ulaya boti ya zaidi ya mita 7.5 inahesabika mpya kama haijamaliza miezi 3 tangu ianze kutumika au haijazidi saa 100 za kusafiri, na kodi inadaiwa inakopelekwa, hivyo anayesema "nimeshalipa huku" alete uthibitisho.

Dalali, haya. Nyota 2. Kiwanda alikijua, foleni alitupunguzia, bei alishusha kiasi, hayo ni yake. Lakini kila tulipotaka kinga alikuwa upande wa kuharakisha, "mkikomaa na dhamana nafasi ya ujenzi ataichukua mwingine", na komisheni yake ilikuwa imepangwa kutoka kwenye arbuni, yaani yeye alikuwa analipwa kwanza kabla bodi halijamwagwa. Tuliigawa: kipande kwenye arbuni, kipande boti ikishushwa majini, kikubwa kwenye makabidhiano. Akalalamika sana, akakubali, na nafasi ya ujenzi wala hakuichukua mtu. Kuanzia hapo akawa anapiga simu kiwandani kuulizia maendeleo kuliko mimi. Kwa miezi hiyo ya mwisho ningempa 4.